Kadi za zamani za Jackie Robinson: pesa yangu naiweka kwenye Bowman ya 1949

Bowman, Leaf na Topps ni kampuni za kadi za wachezaji wa besiboli, na namba ni ya kadi ndani ya seti. Nyota 4 kati ya 5 kwa Bowman namba 50. Leaf namba 79 naipa 3, ingawa ndiyo inayogombewa minadani.

Robinson aliingia uwanjani na timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, na wakusanyaji wengi huihesabu Leaf kuwa kadi yake ya mwanzo. Huuzwa kama ya 1948, lakini ndani ya seti hiyo kuna kadi zenye 1948 mgongoni na nyingine 1949, kwa hiyo mwaka pekee usikutie shaka. Udhaifu wake ni uchapaji. Rangi hazikukaa mahali pake, ile njano ya nyuma humwagikia kwenye kofia, na picha mara nyingi imeegemea upande mmoja. Kwa daraja lilelile la PSA au SGC, kampuni zinazopima hali ya kadi na kuipa namba, utalipa mara kadhaa ya bei ya Bowman, na bado sura inaweza kuwa imevurugika.

Bowman ni ndogo: takriban milimita 52 kwa 63.5. Mandharinyuma ni mekundu, na mbele haina jina. Angalia kwanza pembe, kisha huo wekundu: mahali palipochubuka hupakwa kalamu, na chini ya lenzi ya mara 10 wino wa kalamu huonekana umezama kwenye nyuzi za karatasi. Geuza mgongo usome maandishi kwa lenzi hiyohiyo. Herufi za kadi halisi zina wino mzito usiokatika. Nakala iliyopigwa picha huwa na vidoti ndani ya herufi. Zima taa, mulika kwa taa ya urujuanimno (UV). Karatasi ikiwaka weupe wa kibuluu, iache, maana kemikali hizo za kung'arisha karatasi zilienea baadaye. Mwisho pima kwa rula. Kadi iliyokatwa ili kunoa pembe hupungua, na kampuni za upimaji huinyima namba.

Anayetaka Topps ya 1952, namba 312, rula inamsaidia zaidi: ya asili ni karibu milimita 67 kwa 95, wakati toleo la marudio la 1983 ni 63.5 kwa 89. Bei yake hupaa kwa sababu imo kwenye kundi la mwisho la seti, 311 hadi 407, lisilopatikana kwa urahisi. Topps ya 1956, namba 30, ndiyo ya mfuko mwepesi, na mimi naiona nzuri kuliko sifa inazopewa.

Nyota moja niliyoinyima Bowman ni ya udogo wake. Mifuko ya kawaida imekatwa kwa kadi za kisasa, hivyo kadi huteleza ndani na kugonga pembe kila ukiinua. Tafuta mfuko laini wa ukubwa wake, usio na plastiki ya PVC, kisha uingize kwenye kava gumu linalobana kidogo. Ikisafirishwa, kava likae kati ya vipande viwili vya kadibodi, na gundi ya utepe isiguse mfuko.