Tupa zangu tatu, mwaka mmoja baadaye

Kazi yangu ni funguo na makufuli, hapa Temeke. Mashine ya kuchonga ninayo, lakini kuna funguo haiziwezi: za kasha la zamani, za milango ya nyumba za urithi, zile ambazo ukizunguka Kariakoo nzima hupati ya kufanana nayo. Hapo ni jiliwa la kubana kazi, tupa na subira. Wengine wanaijua tupa kwa kunolea panga msimu wa kulima. Mimi naishika kila siku, na mwaka huu nimetumia tatu.

Ya kwanza niliichukua kwenye duka moja la mtaa wa Gerezani kwa shilingi 4,000. Bapa, inchi 8, inang'aa kama kijiko cha harusi. Jina silitaji, na hata ningetaka, lilikuwa kwenye stika na stika ilibanduka siku ya pili. Ufunguo wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili sauti ikabadilika, ikawa kama kisu kinachopita juu ya sahani. Nikaipeleka mlangoni penye mwanga nikaigeuza polepole: juu ya kila jino kuna alama nyeupe inayometa. Basi, imekufa. Jino kali halirudishi mwanga, ncha yake ni nyembamba mno. Ukiona zinakukonyeza hivyo, meno yameshalala.

Nilirudi dukani na malalamiko yangu. Muuzaji akaniangalia: "Fundi, ya 4,000 ulitaka ikate nini?" Nikaishia kucheka. "Haya kaka, nitolee yenye roho."

Akanitolea tupa ya JK, chapa ya India, inchi 8 vilevile, meno makubwa yale wanayoyaita bastadi, 13,000. Rangi ya kijivu, haina urembo. Kabla ya kulipa mimi huwa na mambo yangu matatu, na wamenizoea. Naishika mkia, ile ncha inayoingia kwenye mpini, ikining'inia, naigonga kwa sarafu: ikilia kwa sauti safi haina ufa. Naiweka jichoni kama mtu anayelenga bunduki, nione kama imepinda. Halafu natoa mfukoni kipande cha springi ya gari na kuipitisha mara moja. Tupa laini huteleza juu ya springi, ngumu inauma. Hii iliuma.

Angalia na ubavu. Tupa nzuri ya bapa kwa kazi ndogo ni ile ambayo ubavu wake mmoja hauna meno kabisa. Nimewahi kumsikia mteja akiikataa akidhani kiwanda kimesahau! Ubavu ule ndio unaouegemeza kwenye ukuta wa kazi uliokwisha kuumaliza, tupa ikala chini tu bila kuugusa ukuta huo. Kwenye meno ya ufunguo hiyo ni nusu ya thamani yake. Jingine ambalo dukani hawakwambii: bastadi ya inchi 12 na bastadi ya inchi 6 si kitu kimoja. Meno hukua na urefu wa tupa, kwa hiyo usiagize kwa jina bila kutaja inchi.

Ya tatu si moja, ni seti ya tupa ndogo kama sindano, Vallorbe za Uswisi, alizoniletea shemeji akitoka Ulaya. Bei yake sitaiandika, mke wangu anasoma. Hizi huhesabiwa kwa namba, na namba ikipanda meno yanazidi kuwa madogo. Zangu ni namba 2. Nilizijua thamani siku mama mmoja aliponiletea kasha la bibi yake kutoka Unguja, ufunguo hakuna. Nilikata bamba la brasi, nikalishika juu ya moshi wa koroboi mpaka likawa jeusi, nikaliingiza kwenye kufuli, nikalizungusha kidogo nikalitoa. Pale masizi yalipokwanguka ndipo pa kupiga tupa. Mapigo mawili, moshi tena, rudi tena. Ilichukua saa tatu, na mwishoni nilikuwa naondoa unga ambao hata vidoleni hauusikii. Tupa nene ingelimaliza bamba lile kwa dakika tano, na kasha lisingefunguka. Ubaya wa hizi ndogo ni wembamba: ile ya mviringo niliikandamiza kama naikandamiza JK, ikakatika tik. Kosa langu.

JK ina mwaka sasa na bado inauma. Wiki tatu za mwanzo niliipa brasi peke yake, chuma baadaye. Inakata ikienda mbele tu, kurudi naiinua. Nilichukua miezi kumtoa kijana wangu kwenye ule mchezo wa kuivuta nyuma na mbele kama anapiga deki. Kabla ya alminiamu naipaka chaki, la sivyo vipande vinajibana katikati ya meno na kuichora kazi. Brashi ya waya napitisha kufuata mifereji, siikatishi. Mafuta siipaki, itateleza. Naifuta kwa kitambaa kikavu, maana upepo wa bahari huku hauna huruma na chuma. Na kila moja inalala kwenye kipande chake cha kanga. Tupa mbili zikigongana sandukuni zinakulana meno zenyewe bila kazi yoyote.

Ukienda kununua, ulizia na mpini. Mara nyingi hauji na tupa, unauzwa pembeni, na watu huuacha. Mkia mtupu nilishautumia. Kovu lipo katikati ya kiganja cha kulia, na wiki ile nzima nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto.