Maikrofoni ya kondensa ya sh. 65,000: miezi sita nayo Mikindani, na nilichokikuta kwenye bodi yake

Niliinunua mwezi wa nane kwenye duka la mtandaoni, ikafika Mtwara kwa basi kutoka Dar. Kazi yake kwangu ni moja, kurekodi kaswida za watoto wa madrasa hapa Mikindani. Ukiichomeka kwenye laptop moja kwa moja sauti ni hafifu mno, usijisumbue. Ukiipa volti 48 kutoka kwenye mikisa ndipo inapoamka: unasikia hadi mtoto anavyovuta pumzi kabla ya kupokea kiitikio. Kwa bei ile nilifurahi sana.

Mvua za Januari zilipoingia ikaanza kuchakacha, kana kwamba kuna mtu anakaanga karanga humo ndani. Mchana jua likiwaka inatulia; jioni upepo wa baharini ukija, inarudia. Rekodi mbili za watoto ziliharibika, na hilo liliniuma. Muuzaji akanishauri ninunue waya mpya. Nikanunua, mchakacho ukabaki palepale.

Basi nikaifungua. Bodi yenyewe ni nyembamba, urefu wake kama kidole cha shahada. Niliipiga picha pande zote mbili, picha ya upande wa chini nikaipindua kwenye simu ili matundu yalingane, kisha nikafuata njia mojamoja kwa mita ile inayolia njia ikiwa imeungana, huku nachora kwenye daftari. Ilinichukua jioni mbili. Mchoro ulipokamilika niliipenda saketi ile: transista moja ya FET (aina inayohisi umeme mdogo mno) inapokea sauti ya kapsuli, yaani kile kidude kinachonasa sauti, na kuitoa mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa, halafu transista mbili nyingine zinazisukuma hadi pini ya 2 na ya 3 za plagi ya maikrofoni. Pini hizohizo ndizo zinazoingiza umeme. Pini ya 1 ni ethi.

Kapsuli ndiyo iliyonikera. Picha ya dukani inaonyesha kubwa, mimi nimepima milimita 16. Ni ya elektreti, ufundi ulioanzishwa na Gerhard Sessler na James West wa Bell Labs mwaka 1962: chaji ya umeme imeshagandishwa ndani yake, kwa hiyo zile volti 48 ni za kuendesha transista tu. Sauti yake ni nzuri, lakini mnunuzi alistahili kuambiwa ukweli.

Sasa mchakacho. Kwenye geti ya FET, mguu wake unaopokea sauti, kuna rezista (kidude cha kuzuia umeme, kipimo chake ni omu) imeandikwa 108, yaani 10 ikifuatwa na sifuri 8: omu bilioni 1. Mita yangu haifiki huko. Kando yake umeganda ute wa njano wa dawa ya kuchomelea, kiwandani hawakuusafisha. Penye omu nyingi kiasi hicho, ute ukilowa unyevu unageuka njia, umeme unavuja kidogokidogo, na mvujo huo ndio unaochakacha. Niliipulizia pumzi ya mdomo, ikachakacha papo hapo.

Nilichukua spiriti ya kusafishia bodi kwa fundi simu sokoni, nikasugua kwa mswaki laini, nikaanika, kisha mguu wa geti nikaung'oa kwenye bodi na kuuunganisha hewani na rezista na waya wa kapsuli. Hapo usiguse kwa kidole, jasho nalo lina chumvi.

Tumerekodi mwezi mzima wa mvua na imetulia kabisa. Nimeagiza ya pili kwa ajili ya matari. Ikifika, bodi itasafishwa kabla haijapanda kwenye stendi.