Kariakoo na Manzese: msongamano wa aina mbili

Maeneo haya mawili ya Dar es Salaam yamejaa watu, ila yamejaa kwa namna tofauti kabisa.

Kariakoo, wilayani Ilala, ilipimwa: mitaa imenyooka na kukatana kama mistari ya ubao wa drafti. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Zamani ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kwa jiko, choo na kisima, barazani mbele kwa maongezi. Sasa nyingi zimebomolewa, yamepanda maghorofa ya maduka na stoo, na baraza zimekwenda nazo. Hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu barazani ndipo mtaa ulipojuana. Jengo la soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021.

Manzese, wilayani Ubungo, kandokando ya Barabara ya Morogoro, ilikua bila kupimwa. Nyumba ni ileile ya vyumba sita, lakini uchochoro kati ya kuta mara nyingi hautoshi hata bajaji. Hapo ndipo tatizo huanza: gari la kunyonya maji taka halifiki chooni, shimo linajaa, na mvua ikinyesha wengine hutapisha vyoo mtaroni.

Unatafuta fremu ya duka la jumla? Kariakoo. Chumba cha kupanga? Manzese, lakini kagua choo kwanza.