Springi za Valvu: Ununue Zipi Ukifumua Injini?

Injini ikifumuliwa, pesa huishia kwenye pistoni, ringi na beringi. Springi za valvu, zile zinazoirudisha valvu ifunge, zinafutwa mafuta tu na kurudishwa. Siku ukikanyaga mafuta Barabara ya Morogoro, injini inakata nguvu mizunguko ikipanda: springi imechoka, valvu haiwahi kufunga. Kwa injini ambazo pistoni hufika mahali valvu inaposhukia, valvu inagongwa.

Namba moja ni jenuini mpya, seti nzima, kwa namba ya injini yako. Bei inauma, lakini vipimo vyake vimeandikwa kwenye kitabu cha injini na unaweza kuzikagua.

Namba mbili, na hapa najua mafundi wa gereji za mtaa wa Gerezani, Dar, watanibishia, ni springi zako za zamani zikifaulu vipimo. Pima urefu wa kila moja kwa kalipa. Isimamishe juu ya kioo, uegemeze skwea (kipimo cha pembe mraba) ubavuni. Vitabu vingi huruhusu iiname milimita 1.5 hadi 2, si zaidi. Nguvu unaweza kuilinganisha bila mashine: shika springi moja mpya jenuini, ipange na ya zamani kitako kwa kitako, weka washa nene katikati, kisha zibane polepole kwenye jiliwa. Inayojikunja zaidi ndiyo dhaifu. Vaa miwani, maana ikichomoka inaruka kama risasi.

Namba tatu ni kopi ya kiwanda kinachojulikana. Inafaa, ila ipimwe vilevile.

Mtumba nauweka chini kwa sababu ya kutu. Hedi (kichwa cha injini, kinachobeba valvu) iliyokaa wazi kwenye unyevu na chumvi ya Dar inashika kutu upesi, na kidoa kidogo kama kichwa cha pini kinatosha kuwa chanzo cha ufa.

Za kwenye mfuko usio na jina, achana nazo. Niliwahi kununua 16 Kariakoo, mpya zinang'aa. Nilipozipanga mezani, moja ilikuwa fupi waziwazi. Ningezifunga bila kupima, silinda moja ingenisumbua na nisingejua kwa nini. Springi ngumu za mashindano nazo si za gari la kazini: zinakula kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na tapeti zinazosukumwa nayo.

Kwenye kufunga ndiko wengi wanakosea. Siti, yaani pale valvu inapokaa ikifunga, zikisagwa, valvu inazama na shina lake linapanda juu, kwa hiyo hata springi mpya inakaa imelegea. Pima urefu kutoka kitako cha springi hadi chini ya kifuniko chake cha juu. Kama umezidi kitabu kwa milimita 0.5, weka chini ya springi washa ya chuma ya milimita 0.5, ile maalumu ya springi. Kamshafti ikisharudi, izungushe hadi valvu ifunguke kabisa: koili zisigusane, ibaki kama milimita 1 na nusu kwa jumla. Upande wenye koili zilizosogeleana ukae chini, kwenye hedi.

Na usisahau: kabla hujarudisha kamshafti, gonga kidogo kichwa cha kila shina kwa nyundo ya plastiki, ili kufuli (vipande vidogo vinavyoshikilia kifuniko cha springi kwenye shina) zikae vizuri.