Presha kuka ya umeme: miezi saba ya maharage, LUKU na soketi iliyoungua

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho: sufuria yenyewe ni nzuri na mkaa sirudii. Iliyonitesa ni nyumba yangu.

Presha kuka hii niliinunua Kariakoo mwezi wa tatu. Lita 6, wati 1,000. Muuzaji alianzia 180,000, tukamalizana kwenye 145,000. Jina la kampuni silitaji, na sidhani kama lingekusaidia. Dukani hizi presha kuka zimepangwa hadi darini, zinafanana kama mapacha, kinachobadilika ni stika. Nyumbani Kinyerezi tuko saba: mimi na mume wangu, watoto watatu, dada anayetusaidia kazi, na mama mkwe aliyekuja kutoka Korogwe kutibiwa macho. Macho yakapona, akabaki, nasi tukafurahi. Watu saba ambao kwa wiki wanakula maharage mara nne na makande mara moja. Gesi tulikuwa nayo, mtungi wa kilo 15, lakini kuchemsha maharage saa mbili nzima kwa gesi ya mtungi ni kukaa unaitazama elfu sitini yako ikiyeyuka. Kwa hiyo maharage yalikuwa ya jiko la mkaa, uani, na wakati wa masika uani kwetu ni bwawa.

Siku ya kwanza niliamka na maharage ya njano kilo moja yaliyolala kwenye maji usiku kucha. Nikamwaga yale maji, nikatia mengine, chumvi kidogo, nikafunga mfuniko, nikageuza kile kivalvu cha juu upande wa kufunga, nikabonyeza. Kama dakika 15 za kujaza presha, 25 za kupika, 15 nyingine za kuacha mvuke ushuke wenyewe. Hata saa moja haikufika, na hakuna aliyesimama kupepea. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda pembeni akiitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila hodi. Nilipofungua akachukua punje moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akanyamaza kidogo.

“Mwanangu, haya yameiva au yameogopa?”

Akaonja. Hakusema kitu, lakini jioni aliongeza sahani.

Mimi ni mtu wa daftari, kwa hiyo kila nilipopika wiki mbili za mwanzo nilisoma mita kabla na baada, friji nikiwa nimeizima ili isinichanganyie hesabu. Kwetu umeme wa 10,000 unatoa yuniti 28, kwa hiyo yuniti moja ni kama shilingi 357. (Usipigie hesabu ile LUKU ya kwanza ya mwezi, maana hiyo inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo na utadhani sufuria ndiyo mwizi.) Maharage kilo moja yaliyolowekwa yalikula yuniti 0.4, yaani shilingi 143 hivi. Siku niliyoona uvivu nikayatia makavu, yakala 0.6. Makande 0.7, na kongoro nayo ilicheza hapo hapo kwenye 0.7. Wali kilo moja, 0.3. Maharage hayo hayo nilikuwa nayaivisha kwa mkaa wa 1,500 hadi 2,000 kutegemea mvua imenyesha au la. Niliirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani mita ni mbovu.

Siri yake si uchawi. Kwenye sufuria ya kawaida maji yakishachemka yanabaki kwenye digrii 100, hata uchochee hadi mkaa uwe mweupe. Moto wa ziada unaondoka na mvuke. Humu mvuke umefungiwa, presha inapanda, na maji yanafika kama digrii 115. Ikishafika hapo inazima umeme yenyewe, inauwasha kidogo ikianza kupoa, inazima tena. Ndiyo maana wati 1,000 hazimaanishi inakula wati 1,000 muda wote. Wifi yangu yuko Mbeya, kule juu maji yanachemka kwenye kama digrii 94 tu, na maharage yake siku zote yamekuwa kesi. Alipokuja Pasaka akaiona, alirudi na yake kwenye basi.

Angalizo moja la hela. Kama bado uko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile inayokomea yuniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kabla hujanunua. Jirani yangu alikuwa anatumia 70, akanunua presha kuka na birika kwa mpigo, akavuka, sasa kila yuniti anainunua kwa bei yetu sisi wengine. Anaisema vibaya sufuria kila tukikutana dukani. Mimi nilishavuka zamani, kwa hiyo halikunigusa.

Sasa jikoni kwenyewe. Tui usilitie mwanzoni. Nililitia siku moja kwenye maharage kabla ya kufunga mfuniko nikijiona mjanja. Likakatika lote, mafuta juu, maji chini, machicha yamegandia pembeni. Pika maharage na maji yake, toa presha, fungua, kisha tia tui uwashe ile sehemu ya kukaangia huku unakoroga taratibu kama ulivyofundishwa na mama yako. Usijaze maharage kupita nusu ya sufuria, yanavimba na maganda yake yanaziba kivalvu. Uji nao unapanda povu, mimi humo siupiki. Ugali sahau kabisa. Sufuria ya ndani inazunguka ukisonga, na sijazaliwa na mikono minne. Chapati ni gesi. Kwa hiyo mtungi bado tunao, ila badala ya wiki tano sasa unafika wiki tisa.

Na wali? Wali unatoka mzuri, punje moja moja, lakini hauna ukoko. Hili sikuliwaza kabisa dukani. Watoto wangu wawili wa mwisho hugombea ukoko kama urithi, na baba yao, mtu mzima na kazi yake mjini, aliuliza “ukoko uko wapi?” kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Jumapili wali unarudi kwenye sufuria ya zamani, na mkaa kidogo juu ya mfuniko. Huo ndio mkaa pekee uliobaki katika nyumba hii.

Umeme ukikatika katikati, usikimbilie kufungua. Ikiwa presha imeshajaa, iache hivyo hivyo, joto lililomo linaendelea kuivisha. Nusu saa baadaye maharage yangu yalikuwa yamebakiza kidogo sana. Ila umeme ukirudi yangu haikumbuki ilipoishia, lazima uianzishe upya. Na watoto wasikae karibu unapoachia mvuke. Ule mvuke hauonyi mtu.

Nimefika kwenye soketi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa wa kawaida. Naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mkakati haukuja kuangalia nyuma ya soketi ya jikoni kwangu, na mimi pia sikuangalia.

Sufuria ilikuja na waya wa pini mbili, muuzaji akanipa adapta ya bure. Adapta nikaichomeka kwenye ekstensheni ya 7,000, ambayo tayari ilikuwa imebeba friji na birika la wati 2,000. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa nikigusa mwili wa sufuria kwa mkono wenye maji nasikia kitu kinatekenya. Nikajiambia ni vitu vya Kichina. Jumamosi ya wiki ya tatu, kongoro iko ndani, mtu kawasha birika la chai, nikasikia harufu ya plastiki. Dada ndiye aliyekimbilia meni swichi akaishusha, Mungu ambariki, mimi nilikuwa nimesimama nanusa tu. Adapta ilikuwa imeyeyuka ikanatana na ekstensheni, na ukuta juu ya soketi umepiga weusi wa kiganja kizima.

Fundi tuliyempata, kijana mpole wa mtaa wa pili, hakunigombeza ingawa nilistahili. Alinifanyia hesabu kwenye boksi la sufuria: wati 1,000 na 2,000 ni 3,000, gawa kwa volti 230, unapata amp 13. Hapo ndipo soketi nzima inapokomea, kabla hata friji haijahesabiwa, na ule waya wa ekstensheni ni mwembamba kama wa spika. Adapta nayo ilikuwa inalegalega, na mahali waya unapolegea ndipo joto linapoanzia. Akafungua soketi: skrubu moja ilikuwa imelegea toka tujenge. Kisha akauliza ethi iko wapi, yaani ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Waya wa kijani na njano ulikuwepo, mzuri, umepita ukutani wote, ukaishia kwenye meni swichi umekatwa, haukwenda ardhini. Miaka sita tumeishi hivyo. Kule kutekenya, akasema, ndiyo hiyo.

Akachimbia fimbo ya ethi nyuma ya bafu kwenye udongo wa maji maji, akavuta waya mpya wa milimita 2.5 jikoni, akafunga soketi mbili za amp 13, sufuria ikapata ya kwake peke yake. Waya wa pini mbili akautupa. Kumbe tundu la waya la sufuria ni lile lile la kompyuta ya mezani, lina sehemu ya ethi, kwa hiyo alinunua waya mnene wa pini tatu, ukaingia moja kwa moja, adapta haihitajiki. Vifaa na ufundi, 128,000. Mume wangu aliangalia risiti akasema, “Kwa hiyo mama tumenunua sufuria mbili.” Kutekenya kuliisha siku hiyo hiyo.

Malalamiko yangu kwa sufuria yenyewe ni mawili. Vitufe vina maandishi yasiyoeleweka na picha ya samaki ambayo mpaka leo sijui inapika nini. Dada kaandika kwa rangi ya kucha M ya maharage, W ya wali, N ya nyama, tumeendelea na maisha. La pili ni mpira wa mfuniko. Unashika harufu. Pika pilau Ijumaa, Jumamosi wali wa nazi unanukia bizari nyembamba. Siki na jua vinapunguza, havimalizi. Na mwezi wa sita ulianza kulegea, mvuke ukawa unapumulia pembeni na presha haijai. Nilirudi pale duka niliponunulia, nikaambiwa mpira hauuzwi peke yake, ninunue sufuria nyingine. Nilicheka nikidhani ni utani. Nilizunguka Kariakoo asubuhi nzima na mpira wa zamani mkononi nikiupima kwenye vidirisha vya vifaa vya majiko, nikaupata kwa 8,000. Nimenunua miwili: mmoja wa pilau na nyama, mwingine wa wali na vitu vya nazi. Mama mkwe ndiye anayeusimamia mgawanyo huo, na ukikosea anakurudisha jikoni.

Nyota nne. Ya tano nimeishika kwa ajili ya ile adapta ya bure.