Makumbusho ya Canova, Possagno: nenda, ila anza na vile vidogo

Nyota nne. Kama uko Italia kaskazini na unapenda sanaa, fika Possagno, kijiji alikozaliwa mchongaji sanamu Antonio Canova mwaka 1757, chini ya mlima Monte Grappa. Treni haifiki kijijini, so panga usafiri mapema.

Watu wengi wanakimbilia yale masanamu makubwa ya plasta wanapiga selfi wanasepa, mi nakwambia anza na vile vidogo vya udongo, vile alivyokuwa anafinyangia wazo kabla ya kitu kingine chochote. Asee! Kwenye marumaru jamaa ni laini mpaka unaboreka kidogo (ndo maoni yangu), lakini hapa udongo umeminywa harakaharaka, sura hazina macho wala pua, alama za vidole bado zipo, na ukiangalia tu unajua huyu analia na yule anamkumbatia mwenzie.

Halafu sogelea plasta kubwa, utaona vidoti vyeusi mwili mzima, ni misumari hiyo, mafundi walikuwa wanapimia hapo kwa bikari ili kuhamishia umbo kwenye jiwe, Canova mwenyewe anamalizia ngozi ya juu.

Ukumbi ulioongezwa na msanifu majengo Carlo Scarpa miaka ya 1950 una mwanga wa maana sana, nendeni mchana. Ila michoro ya Canova ya karatasi msiitafute hapa, mingi iko makumbusho ya mji wa Bassano del Grappa, na karatasi haianikwi muda wote, so ulizeni kwanza. Na msiguse kitu jamani, 2020 mtalii alikaa kwenye plasta ya Paolina, dada yake Napoleon, akavunja vidole vya mguu vya sanamu, kisa picha.