Folda za Pamoja za Windows Katika Mtandao wa Nyumbani: Tathmini Baada ya Mwaka wa Matumizi

Kwa mwaka mzima sasa, nyaraka na picha zote za familia yetu zimekaa katika kompyuta moja ya mezani, na kompyuta mpakato tatu zimekuwa zikizifikia kupitia huduma ya folda za pamoja iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Sikununua programu yoyote, wala sikufungua akaunti ya kuhifadhi faili mtandaoni. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini huduma hii ni bora kuliko inavyosemwa, na kwamba lawama nyingi inazopata zinatokana na jambo moja: inapokwama, maneno yanayojitokeza kwenye skrini hayamwelezi mtumiaji imekwama wapi. Kompyuta iliyozimwa, ngome (firewall, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) iliyofungwa na anwani iliyokosewa vyote vinaweza kuleta kosa lilelile lenye namba 0x80070035, linalosema tu kwamba njia ya mtandao haikupatikana.

Nianze na ubora wake, kwa kuwa ndio unaonifanya niendelee nayo. Faili iliyomo katika folda ya pamoja hufunguliwa, huhaririwa na kuhifadhiwa papo hapo, bila kunakiliwa kwanza, na programu nyingi haziioni tofauti na faili iliyomo katika diski ya kompyuta unayoitumia. Kwa waya wa gigabiti 1, huduma hii husafirisha takribani megabaiti 110 kwa sekunde, maana yake faili ya gigabaiti 10 hufika kwa dakika moja na nusu hivi. Kompyuta moja ya hapa nyumbani ilikuwa ikikwama kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, na nilikwisha kuanza kuitilia shaka Windows, hadi nilipogundua kwamba namba hiyo ndiyo hasa kiungo cha megabiti 100 kinachoweza kutoa. Waya wa mtandao una jozi 4 za nyuzi. Gigabiti huzihitaji zote, ilhali megabiti 100 hutosheka na jozi 2. Nilipoukagua waya nilikuta umebanwa na mguu wa meza karibu na kichwa chake. Nilibadilisha waya, na kasi ikarudi mahali pake bila kugusa mpangilio wowote.

Itifaki inayofanya kazi hii, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapowasiliana, huitwa SMB, na asili yake ni IBM katika miaka ya 1980. Umri huo una faida kubwa kwa mtumiaji wa nyumbani, kwa sababu mifumo mingine nayo imejifunza kuizungumza: Linux huizungumza kupitia Samba, programu huria iliyoanzishwa na Andrew Tridgell, na kompyuta za Apple zimeitumia kama njia ya kwanza ya kushirikisha faili tangu OS X Mavericks ya mwaka 2013. Mtu mwenye kompyuta za aina mbalimbali hana sababu ya kuogopa. Ajihadhari tu na maelekezo ya zamani yanayotaja HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha faili nyumbani, kwa kuwa kipengele hicho kilikuja na Windows 7 na kikaondolewa katika toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018.

Sasa nije kwenye utatuzi wa matatizo, ambako ndiko huduma hii inakomwacha mtumiaji peke yake. Lalamiko la kawaida kabisa ni kwamba kompyuta yenye folda haionekani katika dirisha la mtandao, na karibu kila mtu hudhani kwamba isipoonekana basi haifikiki. Dhana hiyo si sahihi. Orodha ya kompyuta katika dirisha lile huandaliwa na kazi nyingine kabisa, ambayo ni kompyuta kujitangaza kwa wenzake, na kujitangaza kunaweza kushindikana huku folda zenyewe zikiwa wazi na zenye afya. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuiacha orodha na kuandika anwani moja kwa moja katika mstari wa anwani wa dirisha la mafaili, kwa mfano \\192.168.1.20. Folda zikifunguka, tatizo ni la kujitangaza tu, na mara nyingi dawa yake ni kwenda katika orodha ya huduma za Windows kwenye ile kompyuta isiyoonekana na kuhakikisha kwamba huduma iitwayo Function Discovery Resource Publication inaendeshwa na imewekwa ianze yenyewe. Ningependa sana hatua hii moja ijulikane na kila mtu, kwa sababu nimeona watu wakifuta na kuunda upya folda ambazo hazikuwa na kasoro hata kidogo.

Anwani nayo ikigoma, kagua njia kabla ya kugusa folda. Amri ya ping, inayoiuliza kompyuta nyingine kama ipo na kusubiri jibu, husaidia, lakini isiaminiwe kupita kiasi, kwa kuwa kompyuta nzima inaweza kukataa kuijibu kwa sababu ya ngome yake. Kipimo bora zaidi kimo katika PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri: andika Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445, kwa kuwa 445 ndiyo namba ya mlango ambao SMB hupitia. Jibu likiwa True (kweli), njia ni nyeupe, na unaweza kusahau habari za ruta na waya. Likiwa False (si kweli), hakikisha kwanza kwamba ile kompyuta nyingine imewashwa na haijalala, kisha tazama imeunganishwa na mtandao upi. Kompyuta ya mwanangu ilikaa siku mbili bila kuiona folda yoyote huku intaneti ikifanya kazi vizuri, na sababu ikawa kwamba ilikuwa imejiunga na Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi hutenga mtandao huo kwa makusudi, ili mgeni apate intaneti bila kuzifikia kompyuta za wenyeji. Ni ulinzi mzuri, na dawa yake ni kuhamia katika Wi-Fi ya wenyeji tu.

Baada ya hapo ndipo ngome ichunguzwe. Windows huuliza, au hujiamulia, kama mtandao uliojiunga nao ni wa faragha au wa umma, na ukihesabiwa kuwa wa umma hufunga milango ya kushirikisha faili. Kwa nyumbani chaguo sahihi ni la faragha, na inatosha kulibadilisha katika mipangilio ya mtandao. Ikiwa kompyuta ina programu nyingine ya kuzuia virusi yenye ngome yake, basi mipangilio ya Windows pekee haitatosha. Programu ya namna hiyo katika kompyuta yangu ilipojisasisha iliuhesabu mtandao wetu kuwa mgeni, na nilitumia jioni nzima nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo.

Njia ikiwa wazi na bado ukazuiwa, suala ni la ruhusa, na hapa kosa huwa la kweli zaidi, kwa sababu skrini hukuomba jina na nywila au hukwambia waziwazi kwamba huruhusiwi. Namba fupi ya siri unayoingilia katika kompyuta yako haifanyi kazi kupitia mtandao. Kinachohitajika ni nywila ya akaunti iliyomo katika ile kompyuta yenye folda. Akaunti isiyo na nywila nayo hukataliwa, kwa kuwa chaguomsingi la Windows huiruhusu mbele ya kompyuta yenyewe tu. Na kama nywila ilibadilishwa, ile ya zamani huenda ingali imehifadhiwa katika kompyuta inayoomba, hivyo iondoe kwanza katika hifadhi ya vitambulisho ndani ya paneli dhibiti, la sivyo utaendelea kukataliwa bila kuelewa kwa nini.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni kwamba ruhusa zina tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la folda kama inavyoonekana kwenye mtandao, la pili ni la faili zenyewe kwenye diski, na anayeingia kwa mtandao hupewa ile iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili. Mke wangu aliweza kufungua hati zote za matumizi ya nyumbani, lakini kila alipotaka kuhifadhi alizuiwa. Kwenye kichupo cha usalama cha folda, ambacho ndicho cha tabaka la diski, jina lake lilikuwa na haki ya kubadilisha, na mimi nikaapa kwamba kila kitu kiko sawa. Kumbe kwenye kichupo cha kushirikisha folda ile ilikuwa imebaki na ruhusa ya kusoma tu kwa kila mtu. Mbinu ninayoifuata siku hizi ni kulegeza tabaka la mtandao kwa akaunti za familia pekee, kisha kuamua nani afanye nini kwenye tabaka la diski, ili kuwe na mahali pamoja pa kukagua.

Windows inazidi kukaza ulinzi, na naiunga mkono, ijapokuwa ukazaji huo huonekana kama hitilafu kwa asiyeutarajia. Katika Windows 11 Pro, toleo la 24H2 la mwaka 2024, mawasiliano ya SMB hudaiwa saini ya kidijitali, inayothibitisha kwamba ujumbe haukubadilishwa njiani, kwa chaguomsingi na kuingia kama mgeni bila nywila hukataliwa. Kisanduku cha diski cha mtandao (NAS, kifaa cha kuhifadhia faili kinachounganishwa na mtandao) kilichokuwa kikifunguka bila kuuliza neno kinaweza kufungwa ghafla baada ya sasisho. Wengi hushauri kuzima madai hayo. Mimi nashauri kuunda akaunti yenye nywila ndani ya kisanduku hicho, kazi ya dakika chache, na kusasisha programu yake ikiwa haijui kutia saini.

Vivyo hivyo kuhusu SMB1, toleo la kwanza la itifaki hiyo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika utekelezaji wa toleo hilo ndani ya Windows, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka chake, yaani sasisho la kuuziba udhaifu huo, na tangu toleo la 1709 la Windows 10 mfumo ukisakinishwa upya hauji na SMB1. Skana yetu ya zamani haijui itifaki nyingine yoyote, kwa hiyo haiwezi tena kutuma kurasa katika folda ya pamoja. Windows bado inaruhusu kuirudisha SMB1 kupitia orodha ya vipengele vya hiari, na nilifika hadi kwenye kisanduku cha kuwekea tiki. Sikuitia. Kurasa zinazoskaniwa huingia kwenye flashi, na yeyote aliyeskani huzihamishia katika folda ya pamoja kwa mkono wake.